Fomu za Chuo Zijazwe Shuleni

Kila mwisho wa Mei, mtihani wa kidato cha sita ukiisha, Tanzania huwafungulia mageti vijana zaidi ya laki moja na kuwaacha wapite peke yao katika miezi mitano iliyo migumu kuliko mtihani wenyewe. Kati ya Juni na Oktoba kijana anatakiwa ahakiki cheti chake cha kuzaliwa, aombe mkopo, achague kozi, atume maombi vyuoni, athibitishe udahili, atafute nauli na ada ya kuanzia. Wengi wanatakiwa kuyafanya haya wakiwa ndani ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hakuna mwalimu aliyepangiwa kuwasaidia. Hakuna kipindi hata kimoja kwenye ratiba ya miaka miwili kilichowaandaa. Na mtu akikosea herufi moja ya jina lake, anaweza kupoteza mwaka mzima.

Hii ni dhuluma, na ni dhuluma inayochagua. Mtoto wa mwanasheria wa Mikocheni haimpati, kwa kuwa nyumbani kwao kuna intaneti, baba yake ana namba ya mtu anayefanya kazi chuoni, na fedha ya ada ipo hata mkopo ukichelewa au ukikosekana. Inampata binti wa mkulima wa Kasulu aliyepata pointi zilezile, pengine zaidi. Wawili hawa wamefanya mtihani mmoja, siku moja, saa moja. Kinachokuja kuwatenga ni hii miezi mitano, na serikali iliyogharimia masomo yao imeiacha miezi hiyo bila mwenyewe.

Tangu mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa katika shule za serikali. Niliusifu uamuzi ule na ninausifu mpaka leo. Mzazi bado ananunua godoro, analipa nauli na michango, lakini ada hana. Maana yake ni kwamba tunambeba mtoto wa maskini tangu darasa la kwanza hadi karatasi ya mwisho ya form six, halafu Juni mosi tunamtua njiani. Ufaulu wa kidato cha sita kitaifa umepita asilimia 99. Anayetaka kujua watoto wetu wanapotelea wapi asihangaike tena na matokeo ya NECTA peke yake. Aende kijijini mwezi Novemba, vyuo vikiwa vimefunguliwa, aulize nani amebaki nyumbani na cheti chenye pasi mbili au tatu nzuri. Atawakuta. Mmoja anaendesha bodaboda ya mjomba, mwingine anafundisha tempo katika shule ya msingi ya jirani, mwingine ameshaolewa.

Shule zetu ni hodari wa kitu kimoja tu, na kitu hicho ni mtihani. Kuna mitihani ya wiki, ya mwezi, ya ujirani mwema, mock ya mkoa, pre-NECTA. Watoto wanapiga msuli mpaka saa nane za usiku. Mwalimu wa taaluma anajua kwa kichwa nani yuko divisheni ya kwanza na nani anachungulia ya pili. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora, na ilifanya vyema, lakini ugonjwa haukuisha, kwa sababu kipimo cha mkuu wa shule kimebaki kilekile: umetoa divisheni ya kwanza ngapi? Sijawahi kusikia ofisa elimu yeyote akimuuliza mkuu wa shule swali la pili: kati ya hao waliopata divisheni ya kwanza mwaka jana, wangapi wako chuoni leo? Swali hilo likiulizwa mwaka mmoja tu, kwa maandishi, na majibu yakapelekwa kwa katibu tawala wa mkoa, mambo mengi yatabadilika kabla ya mwaka wa pili.

Na tusiambiwe kwamba haiwezekani. Kwa kidato cha nne tunafanya. Mwanafunzi wa form four anajaza Selform akiwa bado shuleni, mwalimu wake akiwa pembeni. Anachagua tahasusi, anachagua shule, taarifa zake zinaingia kwenye mfumo wa TAMISEMI kabla hajagusa karatasi ya mtihani. Matokeo yakitoka na mambo yakawa tofauti na alivyotarajia, anapewa nafasi ya kubadilisha. Mtoto wa miaka 17 anaongozwa mkono mpaka anafika shule ya bweni mkoa wa mbali asioujua. Miaka miwili baadaye, kwenye uamuzi mzito mara kumi zaidi, wenye fedha nyingi zaidi na nyaraka nyingi zaidi, mkono huohuo unaondolewa. Kwa nini? Sioni sababu ya kielimu. Ninachoona ni mipaka ya ofisi: sekondari iko chini ya TAMISEMI, udahili wa vyuo unasimamiwa na TCU, mikopo iko Bodi ya Mikopo, cheti cha kuzaliwa kiko RITA, kitambulisho kiko NIDA, kambi iko JKT. Kila mmoja anafanya kazi yake kwa kalenda yake. Mahali zinapokutana kalenda hizo zote ni mwilini mwa kijana mmoja wa miaka 19, na hakuna ofisi inayomwona mzima.

Tuziangalie kalenda zenyewe. Mtihani unaisha Mei. Mwanzoni mwa Juni wito wa JKT kwa mujibu wa sheria umeshatoka, na vijana wanaripoti Ruvu, Mafinga, Msange, Bulombora, Oljoro, Mlale, Rwamkoma, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti au karibu na hapo. Matokeo yanatoka Julai, na ndani ya siku chache dirisha la kwanza la udahili linafunguliwa, linakaa kama wiki nne, linafungwa. Yaweke haya juu ya meza moja uyatazame. Miezi ya kambi na miezi ya maombi ni ileile! Kijana yuko kwata, simu hana, vyeti vimebaki nyumbani ndani ya sanduku la mama, mdhamini wake yuko kijijini, na fomu inataka sahihi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na muhuri wa hakimu au wakili.

Simo kabisa katika kundi la wanaotaka JKT ivunjwe. Jeshi hili lilianzishwa mwaka 1963, mpango wa vijana wa mujibu wa sheria ukasitishwa 1994, ukarudishwa 2013, na nimeona vijana waliotoka humo wakiwa wamenyooka na wamejua nchi yao ilivyo pana. Habari ya kambi na chuo nayo si ya leo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya utumishi huo, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 kwa mkupuo. Nayataja haya kwa sababu kila anayegusa suala la JKT huambiwa anataka kurudisha uvivu wa wasomi. Sivyo. Ninachotaka ni kambi na dirisha visigongane. Maofisa wa Bodi na wa TCU wamekuwa wakienda kambini kutoa elimu kwa vijana, na nawashukuru kwa moyo huo, lakini elimu ya saa mbili kwenye uwanja wa gwaride haiwezi kumletea mtu cheti cha kifo cha baba yake kutoka Nkasi.

Halafu kuna jambo ambalo lilinikasirisha mpaka nikaamua kuandika makala haya. Soma orodha ya vitu ambavyo kijana huambiwa aende navyo kambini. Bukta ya bluu. Fulana ya kijani. Raba, shuka, soksi nyeusi. Imeandikwa kwa makini, hadi rangi, na kila kijana anaipata kwa wakati. Serikali hii inajua kutoa maelekezo ya wazi inapotaka. Inaweza kumwambia kijana wa Simiyu rangi ya bukta yake. Basi inashindwaje kumwambia mwanafunzi huyohuyo, Oktoba akiwa bado dawatini, kwamba ifikapo Machi awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, namba ya NIDA ya mdhamini, na majina yanayofanana kwenye kila karatasi?

Kwa kuwa hakuna anayemwambia, anaambiwa na mwenye steshenari. Nenda stendi ya mji wowote wa wilaya mwezi Agosti uone. Chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, na foleni ya wazazi iliyofika mpaka kwenye meza za mama ntilie. Nimekaa kwenye chumba cha namna hiyo nikamtazama baba mmoja, vyeti vya mwanawe ameviviringisha ndani ya mfuko wa plastiki, akijibu maswali ambayo hakuyaelewa. Kijana wa kompyuta alimuuliza mtoto anataka kozi gani. Mzee akasema yoyote nzuri. Kijana akachagua. Sekunde tatu, tena bila kugeuza kichwa. Simlaumu yule kijana wa steshenari, anatafuta riziki na foleni ni ndefu. Simlaumu mzee, amefanya alichoweza, tena amepanda gari tangu alfajiri ili awahi. Namlaumu kila aliyelipwa mshahara na nchi hii kulifanya jambo hilo akamwachia mtu wa kopi.

Na mtego haujaisha. Laini ya simu haisajiliwi bila namba ya NIDA, na wanafunzi wetu wengi wanamaliza shule za bweni ambako simu ni kosa la kufukuzwa, wakiwa hawana laini yenye jina lao. Wanatumia laini ya mjomba au namba ya yule yule wa steshenari. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, anatakiwa athibitishe chuo anachokitaka kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu aliyojiandikishia. Namba inakwenda kwa mtu aliyeshawahudumia mamia ya watoto na asiyekumbuka sura ya hata mmoja. Muda wa kuthibitisha unapita. Nafasi inakwenda kwa mwingine. Mtoto anarudi kutoka kambini akiwa na afya njema na hana chuo.

Vyeti navyo vina hadithi yake, na hapa maskini ndipo anapokamuliwa kweli. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti katika kata zao ulianza kutekelezwa Mbeya mwaka 2013. Kijana anayemaliza form six sasa alizaliwa kabla ya hapo, wengi kwenye zahanati au nyumbani, na cheti chake kilikuja kutafutwa baadaye kwa haraka. Shuleni alianza akiitwa kwa jina la babu. Akabatizwa, au akasilimu, au mwalimu wa darasa la saba akaandika alivyosikia. Leo cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha form four kinasema vile, na mfumo hauna masikio ya kusikiliza maelezo. Inatakiwa hati ya kiapo. Wakili anataka fedha, RITA ina taratibu zake, nauli ya kwenda wilayani ni ya kwenda na kurudi, na siku zinahesabika. Yatima ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa lazima athibitishe kifo cha mzazi kwa cheti cha kifo, na wazazi wengi wa vijijini walizikwa bila kifo chao kuandikwa popote. Mtoto anayestahili mkopo kuliko wote ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote ya kuthibitisha kwamba anastahili. Tofauti hizi za majina zingeweza kugunduliwa na mwalimu wa kawaida, kwa kulinganisha karatasi mbili, miaka miwili kabla. Ni kazi ya nusu saa kwa kila mwanafunzi.

Sasa kozi. Mwongozo wa udahili wa TCU ni kitabu kinene chenye kila chuo, kila programu na sifa zake. Ni kazi nzuri. Lakini nani amekisoma na wanafunzi darasani? Mtoto wa tahasusi ya PCB kijijini anajua kazi alizoziona: daktari, nesi, mwalimu, bwana shamba. Anaona sifa ya chini ya kuingia udaktari wa binadamu ni pasi ya angalau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, anahesabu zake, anaona anazo, anaomba udaktari Muhimbili, Bugando na KCMC, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba sifa ya chini haikupi nafasi, inakupa ruhusa ya kushindana tu, na kwamba wenye A na B wamejaa mlango ule ule. Anakosa vyuo vyote vitatu. Katika kitabu kilekile kuna maabara za afya, lishe, afya ya mazingira, misitu, sayansi ya chakula, mifugo, uvuvi, na chuo kikuu cha kilimo, SUA, pale Morogoro wana nafasi. Hazijui. Mwenzake wa tahasusi ya HGL ameambiwa sheria, sheria, sheria. Na Bodi ya Mikopo inapanga kozi kwa makundi ya vipaumbele, jambo ambalo familia isiyo na fedha ilipaswa kulijua kabla ya kuchagua, wala si Oktoba, wakati kilichobaki ni kushangaa asilimia alizopangiwa.

Kati ya mwaka 2010 na 2016 tulikuwa na mfumo wa pamoja wa udahili chini ya TCU. Ulikuwa na kasoro nyingi, watu walipangiwa kozi wasizozitaka, na mwaka 2017 maombi yakarudishwa vyuoni moja kwa moja. Sitetei kurudi huko. Kijana kuchagua chuo chake mwenyewe ni haki yake. Lakini uhuru wa kuchagua kwa mtu asiyeambiwa vilivyopo na anayelipia kila ombi kwa fedha ya kuuza debe la mahindi, elfu kumi hapa na elfu kumi pale, ni uhuru wa wenye nacho.

Wazee watanijibu. Wananijibu kila mara: sisi tulisoma kwa shida kuliko hawa, nani alitushika mkono? Kwa heshima zote, wazee wangu, mlishikwa. Dola ndiyo iliyowashika. Mlijaza fomu shuleni, majina yenu yakaja, mkapewa waranti ya kupanda treni, mkakuta kitanda, chakula na posho. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Kizazi kilichosomeshwa na serikali mpaka sabuni hakina uso wa kumwambia mtoto wa leo kwamba anadekezwa akiomba aelekezwe namna ya kujaza fomu.

Tena historia yetu wenyewe ilishatufundisha kwamba kusubiri kunaua ndoto, na kunaanzia kwa wasichana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba mtu asitoke form six kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, chama kimpendekeze, ndipo aende. Nia ilikuwa njema, msomi aujue umma. Kilichotokea ni kwamba wasichana walioingia chuo kikuu walipungua, kwa kuwa katika ile miaka ya kungoja waliolewa, walizaa, walibanwa na majukumu ya nyumbani, mpaka ikabidi wao waondolewe sharti hilo. Nusu karne imepita. Msichana anayekosa dirisha la Agosti leo anaambiwa asubiri mwakani. Mwakani kwa kaka yake ni mwakani. Kwake yeye, katika kaya nyingi, posa inaingia Desemba.

Na hata aliyefanikiwa kupata chuo hajavuka. Awamu ya kwanza ya waliopata mikopo imezoeleka kutangazwa karibu kabisa na vyuo kufunguliwa, na awamu nyingine hufuata wakati masomo yameanza. Mzazi anatakiwa aamue kumsafirisha mtoto kabla ya kujua kama mkopo upo. Anauza mbuzi. Kijana anashuka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na begi na ndoo, akiwa na fedha ya wiki mbili. Vyuo vingi havimsajili mtu mpaka alipe sehemu ya ada. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halisainiwi na asiyesajiliwa. Hosteli zimejaa. Zile zilizofunguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, idadi kubwa, na bado wapo wanaolala kwa kubebana, wawili kitanda cha mmoja, au kwenye magheto ya Sinza na Mabibo wanayolipia miezi sita kwa mkupuo. Boom lenyewe, likija, ni shilingi elfu kumi kwa siku kwa chakula na malazi. Wiki hizo za mwanzo ndizo mhadhara unaanza, kwa Kiingereza cha kasi, ukumbini wenye mamia ya watu, na huyu amelala njaa. Wakati wa sup, mitihani ya marudio, tunasema watoto wa vijijini hawana msingi mzuri.

Sisemi serikali haijatoa fedha. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22, ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25. Hizo ni fedha nyingi za wananchi. Ndiyo maana nasema kwa sauti: nchi inayotenga fedha kiasi hicho halafu ikaziweka nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko steshenari inajihujumu yenyewe.

Kinachotakiwa hakihitaji jengo jipya wala sheria mpya. Dirisha la mkopo kwa wanafunzi wa form six lifunguliwe wakiwa shuleni, baada ya mock, kama Selform inavyofanywa kwa form four. Mwombaji atumie namba yake ya mtihani, matokeo yaingie yenyewe yakitoka. Uhakiki wa vyeti vya RITA na usajili wa NIDA ufanywe shuleni wanafunzi wakiwa form five, maofisa waende huko. Shule zenye kidato cha tano na sita ni chache mno ukilinganisha na sekondari zote za kata, zinafikika. Kila shule iwe na mwalimu mmoja mwenye jukumu hili kwa barua ya uteuzi, apunguziwe vipindi na alipwe posho, na mwongozo wa TCU usomwe darasani kama zinavyosomwa nukuu za somo jingine lolote. Kambi za JKT ziwe na chumba chenye intaneti na siku maalumu za kuthibitisha udahili. Na majibu ya mkopo yatoke wiki nne kabla ya chuo kufunguliwa. Bodi ikiwa na maombi yote mkononi tangu Mei, itakosa kisingizio.

Wabunge wanaoomba kura kwa watoto hawa kila baada ya miaka mitano walipeleke jambo hili bungeni kwa swali la msingi, wamtake Waziri wa Elimu na Waziri wa TAMISEMI waseme siku na tarehe.

Nawe mzazi, usingoje Bunge. Kama una mtoto aliye form five au form six sasa hivi, toa vyeti vyake leo. Weka cha kuzaliwa na cha form four pamoja, soma jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, nenda kwa wakili wiki hii, usisubiri Agosti. Kama mzazi mwenzako amefariki na cheti cha kifo hakipo, anza kukitafuta sasa. Na ukienda kumtembelea shuleni, muulize mkuu wa shule mbele ya wazazi wenzako: ni mwalimu gani hapa anayewasaidia watoto wetu kuomba chuo? Akikosa jina la kukutajia, msiondoke mpaka alitaje.